Mgonjwa Haulizwi Uji, Dawa Je?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Aliyelala kitandani hana nguvu ya kuchagua, wala hapaswi kutwishwa aibu ya kuomba. Mwenye huruma huinjika sufuria, hukoroga, hunyanyua kichwa cha mgonjwa na kumnywesha. Methali hii ni katika mapambo ya watu wa pwani na jirani zao, kwani inamtaka mtu atende wema kabla hajaombwa. Walakin methali ni kama kanzu: ina mwili iliyokatiwa. Hii ilikatiwa uji. Katika nyumba nyingi, za visiwani na za bara, imevishwa dawa. Mgonjwa haulizwi, naye haulizi. Kikombe hupita mkono hadi mkono, na kilichomo hujulikana na mtu mmoja tu, au pengine hakijulikani na yeyote. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo huruma peke yake haiwezi kulijibu. Ikiwa aliyetoa dawa alikusudia heri, na dawa ikaharibu, je, kusudio lake linamtosha?

Swali hili lina watu na lina nchi, nalo huonekana vizuri zaidi likitazamwa mahali pamoja. Kusini kabisa mwa Tanzania, Masasi imekaa chini, kati ya majabali makubwa kama lile la Mtandi. Newala imekaa juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, pale ambapo ardhi hukatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma, na mahali pamoja pa ukingo huo pakaitwa Shimo la Mungu. Ni nchi ya mikorosho na ya Wamakonde, Wamakua na Wayao. Juu ya uwanda maji ni adimu. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka makorongo kuyafuata na kuyapandisha kichwani.

Visiwa si wageni wa nchi hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili akiwa Unguja, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi na misheni Masasi. Mwaka 1935 alifika daktari Mwingereza, Leader Stirling, akafanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya misheni ya Lulindi. Miaka arobaini baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kabla ya hao wote palikuwapo waganga, na kando yao wakawapo walimu wa Kiislamu wenye kombe na dua. Basi mtu wa Masasi au Newala anapougua huwa na milango kadhaa mbele yake, na aghalabu huibisha yote: asubuhi zahanati, jioni kwa mganga, Ijumaa kwa mwalimu. Kila mlango humpa kitu cha kunywa, na ni nadra mlango mmoja kujua mwingine umetoa nini.

Wako wanaosema kwamba watu hunywa mitishamba kwa ujinga. Hao hawajawahi kumpeleka mgonjwa hospitali kwa baiskeli. Mganga yuko karibu. Husema lugha ya mgonjwa. Humuuliza habari za nyumba yake, za shamba lake na za ugomvi wake na nduguye. Hukubali kulipwa kuku, au kulipwa korosho zikishauzwa. Isitoshe, mitishamba ni dawa kweli. Kwinini ilitoka katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Dawa mseto ya malaria inayotolewa leo katika zahanati za Newala imejengwa juu ya atemisinini, iliyochujwa na wanasayansi wa China mwaka 1972 kutoka mmea uliokuwa ukitumika huko tangu kale. Anayeudharau mzizi, basi na akimeze kidonge cha malaria kwa staha, maana kimetoka kichakani.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili, nao husahauliwa na watetezi wa mitishamba. Mara nyingi husikika ikitangazwa sokoni kwamba dawa fulani ni ya asili, kwa hivyo haina madhara. Huku ni kuutukana mti huku mtu akidhani anausifu. Kitu chenye nguvu ya kutoa homa mwilini kina nguvu ya kugusa mengine pia. Kisichoweza kudhuru hata kikizidishwa mara kumi, yumkini hakiwezi kuponya pia. Tabibu Paracelsus wa Ulaya alilieleza jambo hili katika karne ya 16: kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo. Bibi wa pwani aliyekuwa akihesabu majani kabla ya kuyatia chunguni alilijua bila ya kumsoma.

Kiungo kinacholipa deni la kipimo kilichokosewa, aghalabu, ni figo. Washairi wa Kiswahili wameuimba moyo hadi ukachoka kuimbwa. Ini limepata sehemu yake, kwani mpenzi huitwa maini. Hata nyongo ina beti zake. Figo, ambayo wazee wengine huiita nso, ni nadra kuipata katika ushairi. Yamkini ni kwa sababu haidundi wala hailalamiki. Kila figo ina vichujio vidogo kiasi cha milioni moja. Kati ya damu yote ambayo moyo huisukuma, karibu moja ya tano hupitia kwenye figo mbili, na kwa siku moja huchujwa humo maji ya lita zipatazo 180, ambayo karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja na nusu au mbili za kutolewa nje. Katika kuyarudisha maji, figo huziacha taka nyuma na kuzikusanya. Kwa hiyo sumu iliyokuwa haba katika damu hufika kwenye mirija ya figo ikiwa imekolea. Mlinzi wa lango ndiye anayepigwa kwanza.

Naye hupigwa kimya kimya. Mtu anaweza kupoteza nusu ya kazi ya figo zake asihisi chochote. Uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa watu wapatao 7 katika kila 100, na wengi wao hawakuwa na habari. Miguu inapovimba na pumzi kukata, mara nyingi hakuna cha kurudisha. Kinachobaki ni mashine: mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, maisha yote, au mpaka apatikane ndugu wa kutoa figo yake moja. Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi wa Novemba 2017. Ni hatua ya kujivunia, lakini kutoka Newala hadi Muhimbili ni safari ya mamia ya kilomita.

Hapa lugha yenyewe inafumba fumbo chungu. Kazi ya ile mashine watu huiita kusafisha damu. Na katika masoko ya Masasi, ya Mtwara, ya Dar es Salaam na ya Darajani, moja ya dawa zinazotangazwa sana ni ile ya kusafisha damu. Maneno ni yale yale. Mtu mwenye afya hununua chupa ya kusafisha damu, asijue kwamba tangu tumboni mwa mamaye amepewa wasafishaji wawili wasiolipwa ujira, na kwamba huenda chupa ile, ikiwa ndani yake mna kisichojulikana, ndiyo itakayowaua wasafishaji wake na kumpeleka kwenye mashine yenye jina lile lile.

Insafu inataka jambo moja lisemwe wazi. Si kila figo iliyokufa iliuawa na mzizi. Shinikizo la damu, kisukari, malaria kali na vidonge vya maumivu vinavyomezwa kama karanga vinaua figo nyingi. Tena mgonjwa hunywa mitishamba kwa sababu tayari anaumwa, na ni rahisi dawa ya mwisho kulaumiwa kwa kosa la maradhi. Pamoja na hayo, ripoti za hospitali mbalimbali barani Afrika zimehusisha dawa za kienyeji na hadi asilimia 35 ya wagonjwa ambao figo zao ziliharibika ghafla. Na mara nyingi sababu hushikana mikono. Mtoto anaharisha, maji yamemwishia mwilini, uwanda nao hauna maji ya kumpa kwa wingi. Kisha anapewa dawa ya kumwendesha zaidi ili uchafu utoke. Figo iliyokuwa inakauka humalizwa na kikombe kilichotolewa kwa mapenzi.

Mifano iliyothibitishwa ni mingi, na inafundisha. Katika mashariki ya Afrika Kusini humea mmea ambao Wazulu huuita impila, jina linalobeba maana ya uzima. Mzizi wake umetumika kwa tumbo, kwa kikohozi na kwa kufukuza husuda. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Natal walikwisha kueleza jinsi mzizi huo unavyoua ini na figo kwa siku chache, na watoto wadogo wakiwa miongoni mwa waliokufa. Jina lilisema uzima. Mzizi ulisema jingine. Na katika Kizulu hicho hicho umuthi ni mti na umuthi ni dawa, neno moja kwa vyote viwili, kama ambavyo Kiswahili kimeihifadhi nasaba hiyo katika mitishamba. Jina huweza kumpumzisha mtu asiulize.

Mfano wa pili umetoka mbali na Afrika. Mjini Brussels, mwaka 1992, madaktari walishangaa kuona wanawake wengi, tena si wazee, wakiharibikiwa figo kwa kasi. Ikagunduliwa kwamba wote walipitia kliniki moja ya kupunguza unene, nao walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea uliokusudiwa huitwa han fang ji. Uliotiwa ni guang fang ji, wenye asidi iharibuyo figo na kuzaa saratani katika njia ya mkojo. Mimea miwili ilikutana katika jina, na kwa jina hilo watu wapatao mia moja wakaharibika. Hapakuwa na kijiji, wala mganga wa jadi, wala umaskini. Palikuwa na makoti meupe na risiti.

Mfano wa tatu unawanyima madaktari nafasi ya kujisifu. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa kuharibikiwa figo baada ya kunyweshwa dawa za maji za kikohozi zilizotengenezwa kiwandani na kuingizwa kutoka ng'ambo, zikiwa na kemikali zisizopaswa kunywewa na binadamu. Chupa zilikuwa na lebo, na lebo zilikuwa na kipimo. Kilichokosekana ni mtu aliyechunguza kama lebo inasema kweli kabla kijiko hakijafika mdomoni. Basi mpaka wa kimaadili haupiti kati ya asili na usasa, wala kati ya mganga na daktari. Unapita kati ya anayekijua anachokitoa na asiyekijua, na kati ya anayekubali kuulizwa na anayekataa.

Sasa lirudiwe swali la kusudio. Nchi ya Masasi inalo jibu lake katika kumbukumbu. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe aliwagawia watu dawa ya maji, mafuta ya mbarika na mtama, kwa ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vilishuka kusini, na mwezi wa Agosti misheni ya Masasi ikachomwa moto. Nani atasema kwamba nia ya dawa ile ilikuwa mbaya? Ilikusudia kuwaunganisha watu na kuwaondolea dhulma. Walakin wengi walioiamini walikufa mbele ya bunduki, na wengi zaidi wakafa kwa njaa iliyofuata. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 alilikamata swali hili hili: wajibu wa mtu juu ya neno alilolitoa, na ambalo wengine wamelinywa. Tangu hapo msomaji wa Kiswahili hana udhuru wa kudhani kwamba nia njema hufunga mjadala.

Wanazuoni wa fiqhi nao hawakuufunga hapo. Ni kweli kwamba mafunzo ya dini huyapima matendo kwa nia. Lakini imo pia hadithi inayojulikana, ambayo maana yake ni kwamba ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ana dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mafunzo haya mawili hayagongani. Nia humhukumia mtu daftari lake kwa Mola wake; dhamana humhukumia deni lake kwa jirani yake. Mtu anaweza kusamehewa huko na bado akadaiwa hapa. Na msingi wa deni hilo ni elimu: alijua nini, na angeweza kujua nini lau angeuliza.

Kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa bibi aliyechemsha alichochemsha mama yake, katika zama ambazo hakuna aliyejua kazi ya figo, huyo halaumiwi. Na kuna kutojua kunakotunzwa, kama mtu afumbaye macho ili asione mzigo wa mwenzake. Muuzaji wa leo achanganyaye mizizi saba asiyoijua mitano, au aongezaye unga wa vidonge vya hospitali ili wateja waseme dawa yake inafanya kazi upesi, hakukosa elimu, ameikimbia. Kutojua kwake ni kitendo, na kitendo kina mwenyewe.

Mganga naye ana hoja, na ni haki isikilizwe. Siri ni urithi wake. Mzizi alioonyeshwa na babu yake usiku porini ndio shamba lake na ndio pensheni yake; akiutaja, kesho utauzwa na mwingine, na keshokutwa kampuni ya mbali itaupeleka maabara na kuupa jina ambalo yeye hawezi kulitamka. Hofu hiyo ina sababu, na sheria yoyote isiyoilinda haki yake itakuwa inamwomba ajivue nguo sokoni. Hata hivyo siri ni mbili, na hazilingani. Siri ya mzizi ni mali, na mwenye mali ana haki ya kufunga mlango. Siri ya hatari si mali ya mtu. Mganga anaweza kulificha jina la mti wake na bado akasema: dawa hii ni kijiko kimoja, si kikombe, ni siku tatu, si mwezi, asiinywe mja mzito, wala mtoto anayeharisha, wala mwenye kutumia vidonge vya presha, mkojo ukipungua, acha mara moja ukimbilie hospitali. Akishindwa kuyasema hayo kwa sababu hayajui, basi hana siri ya kulinda, ana pengo.

Mkulima wa korosho wa Masasi atalielewa jambo hili haraka. Anapoinunua salfa ya kuzuia ubwiri unga, hutaka kujua kiasi cha kila mti na majira ya kupuliza, na wataalamu wa kilimo wa Naliendele wametumia miaka mingi kumpatia majibu. Hakubali kupuliza unga asioujua juu ya mikorosho yake. Ni ajabu basi kwamba mti upimiwe, na mama mwenye nyumba asipimiwe.

Dhamana nyingine iko hospitalini. Muuguzi anayemfokea mgonjwa kwa kunywa mitishamba hamponyi tabia hiyo, humfundisha kuficha. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema ni nani aliyemfanya afiche. Daktari asiyejua mgonjwa wake alikunywa nini jana anatibu kwa kupapasa gizani, na giza hilo huenda alilileta mwenyewe kwa ulimi wake. Kuuliza kwa upole, bila kejeli, ni sehemu ya tiba.

Uwanda wa Makonde uliwahi kuonyesha faida ya kusikiliza. Mwaka 1952 na 1953 watu wa huko walishikwa na homa kali yenye maumivu ya viungo yaliyowakunja miili. Waliotafiti hawakuridhika kuuita ugonjwa huo dengue na kwenda zao. Walichunguza, wakaziandika dalili zake, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1955. Jina waliloliweka vitabuni lilitoka katika Kimakonde: chikungunya, lenye asili katika kitenzi cha kujikunja. Leo neno hilo la Newala liko katika vitabu vya tiba vya ulimwengu mzima. Mgonjwa alisema alivyoumwa kwa lugha yake, na elimu ikapiga magoti kumsikia. Vivyo hivyo Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, badala ya kuupiga marufuku jando aliuingiza katika malezi ya kanisa. Wengi wamembishia, lakini alitambua kwamba desturi inayofukuzwa hujificha porini, na porini hakuna wa kuikagua.

Milango ya kukutania ipo. Muhimbili ina kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga na dawa zao. Lakini sheria iko Dodoma na kikombe kiko kijijini, na baina yao kuna watu: jirani aletaye chupa, mkwe aisifiaye, mwana alipiaye, mgonjwa anywaye. Kila mmoja wao anaweza kuuliza swali moja kabla ya kikombe kuinuliwa. Huruma iliyouliza haipungui uzito. Ni ile ile, imefumbua macho.

Basi uji na uendelee kuletwa bila maswali, mwepesi na wa moto, kama desturi ilivyoagiza. Ama dawa, kutoka kwa mganga au kutoka dirishani mwa hospitali, mgonjwa ana haki ya kuuliza ni nini, ni kiasi gani, na nani alikunywa kabla yake akawaje. Asipokuwa na nguvu ya kuuliza, anayemshikia kikombe amuulizie.